Wanyama wa maabara wasifanywe vifaa

Katika kijiji cha Chekereni, kwenye tambarare ya mpunga iliyo kusini ya mji wa Moshi, mbu si habari ya vitabuni. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani, uliwaletea wakulima maji ya mito ya Rau na Njoro, ukawaletea mavuno, na ukawaletea pia majaruba yenye maji yaliyotulia ambamo mbu huzaliana bila kuombwa. Mwananchi wa huko anajua thamani ya chandarua kuliko ofisa yeyote aketiye mjini.

Hapo ndipo watafiti walipokwenda mwaka 1994 na 1995, wakakilinganisha kijiji hicho cha mpunga na kijiji cha Mvuleni kilicho katika miwa, na kile cha Kisangasangeni ambako wananchi walilima mazao yao ya chakula kwa kutegemea mvua. Matokeo yao yaliwashangaza wengi. Mbu aenezaye malaria, Anopheles arabiensis, walikuwa Chekereni mara nne zaidi ya kwingine; lakini hatari ya mtu kuumwa na mbu mwenye vijidudu vya malaria ilikuwa ndogo kuliko vijiji vile viwili kwa zaidi ya asilimia 60. Watafiti walieleza kwamba wakulima wa mpunga, kwa kuwa na kipato kilicho bora zaidi, walitumia dawa na vyandarua zaidi. Tena katika mbu waliokutwa wameshiba damu pale Chekereni, ni 48 tu kati ya 100 waliokuwa wamenyonya damu ya binadamu. Waliobaki walikuwa wameifuata mifugo.

Maana yake ni kwamba katika vita hii mnyama amekuwa akibeba sehemu ya mzigo kwa muda mrefu, naye hakuulizwa. Ng'ombe wa Chekereni aliumwa zizini wakati mwenye mali amelala ndani ya chandarua. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, kwa kuwa ndivyo mbu alivyo. Lakini yuko mnyama mwingine ambaye hakutokea tu njiani pa mbu. Huyu amewekwa mbele ya mbu na mwanadamu kwa makusudi, kwa ratiba, na kwa maandishi.

Chandarua chenye dawa hakifiki dukani wala zahanati kabla ya kupimwa. Kipimo cha awali ni chepesi: mbu huwekwa kwa dakika 3 juu ya kipande cha chandarua, kisha huhesabiwa waliolegea na waliokufa. Kipimo hicho kisipotosheleza, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza jaribio la handaki la kioo. Handaki hilo lina urefu wa sentimita 60. Kwenye theluthi moja ya urefu wake hukingwa kwa kipande cha chandarua kilichotobolewa matundu 9. Upande mmoja hufungwa simbilisi, au sungura, asiyeweza kujigeuza. Upande wa pili hufunguliwa mbu majike 100 wenye njaa. Huachwa hivyo kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 asubuhi. Saa 15! Na ili matokeo yawe na maana, liko handaki jingine kama hilo lenye chandarua kisicho na dawa hata kidogo. Huko mbu wanatarajiwa washibe, na wasiposhiba jaribio lenyewe huhesabiwa kuwa halifai.

Nyuma ya handaki hilo iko kazi nyingine isiyotajwa sana, nayo ni ya kila wiki. Mbu wa majaribio hufugwa, na mbu jike hatagi mayai asipopata damu. Katika nyumba nyingi za kufugia mbu, duniani na katika Afrika ya Mashariki, damu hiyo imekuwa ikitoka katika mgongo wa sungura aliyenyolewa manyoya au wa simbilisi aliyefungwa ndani ya tundu la mbu. Taarifa ya utafiti inapochapishwa, mnyama huyo hupewa nusu sentensi. Chandarua kina jina, dawa ina jina, mbu ana jina la Kilatini. Aliyetoa damu hana hata idadi.

Ni hatari kulipuuza jambo hili leo kwa sababu halipungui. Mbu wamezizoea dawa za zamani, na viwanda vimelazimika kuleta mpya. Mojawapo ni klofenapiri. Jaribio kubwa lililofanywa wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, ambalo chuo kikuu cha tiba kilichopo KCMC Moshi kilishiriki, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2022, lilionyesha kwamba watoto waliotumia vyandarua vyenye klofenapiri pamoja na dawa ya kawaida walipata malaria pungufu kwa asilimia 44 katika miaka 2. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vyandarua hivyo. Hakuna mwenye akili timamu awezaye kuyapinga mafanikio hayo. Lakini klofenapiri haifanyi kazi kama dawa za zamani. Humuua mbu aliye katika shughuli zake za usiku, kwa hiyo kipimo kile chepesi cha dakika 3 hakiipimi vizuri, na watafiti hurudi kwenye handaki la kioo. Kadiri dawa za namna hiyo zinavyoongezeka, ndivyo simbilisi watakavyohitajika zaidi, ikiwa hakuna anayesimama na kuuliza.

Wapo wanaocheka wakisikia swali hilo likiulizwa. Husema kuwa kumhurumia simbilisi ni uzungu, ni starehe ya mataifa yaliyokwisha kushiba, na kwamba nchi yenye watoto wanaokufa kwa malaria haina nafasi ya mambo hayo. Maneno haya husemwa kwa kujiamini sana na watu waliosoma, na ndiyo maana inafaa yajibiwe bila kuyumba.

Kwanza si kweli kwamba huruma kwa mnyama ililetwa na meli. Juu ya miteremko ya Kilimanjaro, ambako ardhi ni haba, Wachagga wamefuga ng'ombe ndani kwa vizazi vingi. Katika nyumba yao ya asili mnyama na binadamu walilala chini ya paa moja. Akina mama wamekuwa wakishuka tambarare na kupanda tena mlima wakiwa na mizigo ya majani kichwani kwa ajili ya ng'ombe asiyetoka. Aliyefungiwa hajitafutii, kwa hiyo aliyemfungia hudaiwa kila kitu: majani, maji, malazi makavu. Hiyo ni sheria ya kihamba, na haikuandikwa na mzungu yeyote. Mchinjaji wa Kiislamu naye hufundishwa kunoa kisu mbali na macho ya mnyama. Basi ni nani aliyemfundisha msomi kwamba akivaa koti jeupe sheria hizo zinakoma mlangoni?

Pili, ukichunguza sana utaona kwamba kilichokuja kutoka nje ni ule ukatili wenyewe. Kipimo cha kutafuta kiasi cha sumu kinachoua nusu ya wanyama waliopewa kilibuniwa Uingereza na J. W. Trevan mwaka 1927. Kwa miaka mingi maabara za dunia zilikifuata kama msahafu, zikiwajaza panya na simbilisi sumu ya kila aina ili kupata tarakimu moja. Shirika la nchi zenye viwanda, OECD, lilikifuta kipimo hicho cha sumu ya kunywesha katika miongozo yake mwaka 2002, baada ya kuthibitika kwamba zipo njia zinazotumia wanyama wachache mno na kutoa jibu linalotosha. Wenyewe wamekitupa. Anayeendelea kukiona kuwa ndicho sayansi ya kweli ana kasumba, tena kasumba ya kitu kilichokwisha kukataliwa na mwenyewe.

Kundi la pili halicheki, hulalamika. Hili husema fedha hazipo. Dai hili lina uzito zaidi, kwa kuwa ni kweli vifaa vya maabara hununuliwa kwa fedha za kigeni na bajeti ni finyu. Hata hivyo sehemu kubwa ya mateso ya wanyama wa maabara haitokani na ukosefu wa fedha. Inatokana na uzembe. Mnyama hukosa maji Jumapili kwa sababu hakuna aliyepangwa zamu Jumapili. Tundu huwa dogo kwa sababu fundi aliyelitengeneza hakuambiwa vipimo. Simbilisi yuleyule hutolewa damu usiku hata usiku kwa kuwa hakuna daftari linaloonyesha nani alitumika jana. Daftari la shule lina bei gani?

Tena uzembe huo huwarudia watafiti wenyewe. Chukua mfano wa sungura aliyepata upele. Mhudumu, kwa nia njema, anampiga sindano ya ivamektini, dawa ambayo kila mfugaji anaijua, na hakuna anayeandika. Siku chache baadaye sungura huyo anapewa mbu wamnyonye. Ivamektini iliyomo katika damu huua mbu. Watakufa, na mtafiti ataandika kwamba wamekufa kwa sababu nyingine, au atakesha akitafuta kosa lisilokuwepo katika chandarua. Mnyama mgonjwa, mwenye hofu, aliyepungukiwa damu, ni kipimo kibovu kama mizani iliyopinda. Mfanyabiashara akikutwa na mizani iliyopinda hushitakiwa.

Liko pia kundi la tatu, dogo katika nchi hii ingawa lina sauti kubwa ng'ambo, linalotaka jaribio lolote linalomgusa mnyama lipigwe marufuku kesho asubuhi. Kundi hili lingefaa lije likae Chekereni majira ya mpunga, kisha lirudie maneno hayo mbele ya mama mwenye mtoto mwenye degedege. Hata hivyo wapuuzi wa upande mmoja wasiwe kisingizio cha wazembe wa upande mwingine.

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika kitabu kilichoweka msingi ambao hadi leo haujatikiswa: mtafiti atafute kwanza njia isiyotumia mnyama, akiikosa, apunguze idadi, na kwa wale atakaowatumia, apunguze maumivu. Neno kubwa hapo ni lile la kwanza. Katika kazi ya mbu, njia hiyo ipo, tena si mpya. Mwaka 1964 Rutledge na wenzake walieleza kilishio cha kioo kinachozungushiwa maji ya uvuguvugu, chenye utando mwembamba chini yake. Damu humiminwa ndani, mbu hutoboa utando na kunywa akidhani amempata mwenye damu. Siku hizi vipo vya umeme vinavyoshika joto la mwili pasipo maji. Damu yenyewe haihitaji kuagizwa kutoka nje. Kila alfajiri katika machinjio ya miji ya nchi hii damu ya ng'ombe humwagwa mferejini. Inahitaji chombo safi, dawa ya kuizuia isigande, na mtu wa kuichukua kabla jua halijapanda.

Haitakuwa haki kuficha ugumu wake. Mbu wengine, hasa waliotoka mwituni karibuni, husitasita mbele ya utando, na huchukua vizazi kadhaa kabla ya kuuzoea. Umeme ukikatika damu hupoa na mbu huikataa. Usafi ukilegea huoza. Haya yote ni matatizo ya kazi, na hutatuliwa na wafanyakazi wenye bidii; si sababu ya kutoanza.

Hata kwa jaribio la vyandarua lenyewe, njia nyingine imetengenezwa hapa hapa nchini. Taasisi ya Afya Ifakara, katika kituo chake cha Bagamoyo, imeunda jaribio ambalo mtu mzima, kwa hiari yake, hulala ndani ya chandarua katika chumba kikubwa cha wavu, na mbu waliofugwa maabara, wasio na ugonjwa, hufunguliwa humo usiku kucha. Watafiti wamelilinganisha jaribio hilo na lile la handaki la kioo. Tofauti kubwa kati ya mtu huyo na simbilisi haihusu ukubwa wa mwili. Mtu amesomewa hati ya ridhaa, akaielewa, akatia sahihi, na akichoka saa 8 za usiku anaweza kuondoka. Simbilisi hana hati.

Na ikiwa yuko anayesema kwamba sayansi itadumaa wanyama wakihurumiwa, akumbuke jinsi binadamu mwenyewe alivyohurumiwa. Katika utafiti ule wa Chekereni wa mwaka 1994 na 1995, baadhi ya mbu walikamatwa na watu walioketi usiku kama chambo, ndani ya nyumba kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Sambamba nao ilitundikwa mitego ya taa karibu na watu waliolala. Tangu zamani wataalamu wamekuwa wakijiuliza kama ni haki kumweka mtu aumwe ili wahesabu mbu, na pale ambapo mtego umeweza kuifanya kazi ya chambo, mtego umetumika. Sayansi ya mbu haikufa. Swali lilelile likiulizwa kwa ajili ya sungura linageuka vipi kuwa upuuzi?

Walimu nao wana sehemu yao katika shauri hili, na si ndogo. Mtahiniwa wa biolojia wa kidato cha sita hupewa kiumbe kilichouawa, akipasue na kuchora alichokiona: chura, panya, au mende. Chura hao hutoka majarubani na mitaroni, hukusanywa kwa ndoo, na mara nyingi aliyetumwa kuwakusanya hakuambiwa chochote kuhusu namna ya kuwaweka. Wengine hufa kwa kukanyagana kabla ya kufika shuleni. Mwalimu aliyezoea huona ni kawaida. Mwanafunzi anayeona kwa mara ya kwanza hujifunza mambo mawili kwa pamoja, mkao wa matumbo na thamani ya uhai, na la pili hukaa kichwani kwa muda mrefu kuliko la kwanza.

Si kwamba elimu ya mwili ifundishwe kwa maneno matupu. Moyo wa mbuzi hupatikana buchani, na ni mkubwa, vyumba vyake vinne vinaonekana waziwazi kuliko vile vitatu vya chura. Jicho la ng'ombe hutupwa. Samaki yupo sokoni, amekwisha kufa kwa ajili ya kuliwa, na matamvua yake yanafundisha upumuaji vizuri. Mwalimu mwenye ubunifu ataweza kufundisha karibu mwaka mzima kwa vitu hivi, na siku ambayo mtihani unamlazimu kumuua chura, amuue kwa dawa ya usingizi iliyopimwa, mbele ya wanafunzi wanaojua sababu, wala si kwa kumpiga ukutani. Wale watungao mitihani nao wajiulize ni ujuzi gani hasa unaopimwa kwa kumpasua mnyama mzima, na kama picha, kielelezo au kiungo cha buchani kisingeupima ujuzi huohuo.

Mwalimu wa biolojia mwenye umri mkubwa anaweza kuwasimulia wanafunzi wake kisa cha chura wa kupimia mimba. Lancelot Hogben, akiwa Cape Town, aligundua mwaka 1930 kwamba chura jike wa Afrika, akidungwa sindano yenye kichocheo cha aina fulani, hutaga mayai. Kutokana na ugunduzi huo, hospitali za ulimwengu zilifuga vyura kwa maelfu na kuwadunga mkojo wa wanawake ili kujua nani ana mimba. Kilikuwa kipimo bora cha wakati wake. Katika miaka ya 1960 vipimo vya maabara visivyohitaji mnyama vikakiondoa. Leo mwanamke wa Chekereni hununua kijiti dukani, akapata jibu kwa dakika chache, na hakuna hata mmoja anayesikitika kwamba chura amepumzishwa.

Kwa watumishi wa serikali, suala hili halikuachwa kuwa la hiari. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia, inakataza ukatili, na haikuwaacha nje wanyama wa majaribio. Lakini sheria iliyo kabatini haimpi simbilisi maji. Ofisa mifugo wa wilaya hukagua machinjio, mnada na magari ya kubebea ng'ombe, na anafanya vyema. Ni wangapi waliokwisha kubisha hodi kwenye banda lililo nyuma ya maabara? Na wakibisha, mwenye maabara asiwatazame kama watu waliopotea njia.

Kamati za maadili zinazopitia maombi ya utafiti zina uwezo mkubwa zaidi ya wakaguzi wote, kwa kuwa hakuna utafiti unaoanza bila muhuri wao. Zimezoea kusoma kwa makini sana kurasa zinazomhusu binadamu, na ndivyo inavyopaswa. Kurasa za mnyama hupitwa haraka. Yafaa mwombaji aulizwe mambo ya wazi na ajibu kwa maandishi: ni wanyama wangapi, kwa nini si wachache zaidi, nani atawapa maji siku ya sikukuu, kilishio cha utando kimejaribiwa au hakikujaribiwa, na kama hakikujaribiwa ni kwa sababu gani. Na utafiti ukimalizika, idadi ya wanyama waliotumika na waliokufa iandikwe katika taarifa, mstari mmoja tu, karibu na idadi ya mbu.

Mradi ukiomba fedha za vyandarua vipya kwa ajili ya tambarare ya mpunga, orodha ya mahitaji huwa ndefu: magari, mafuta, posho za semina, kompyuta. Kilishio cha utando ni chombo kidogo kinachokaa juu ya meza. Anayepitisha orodha hiyo aangalie kama kimo, na kama hakimo, airudishe.